Kifaranga wa Boksi na Mama wa Kambo

Leo hatutazungumzia pamba wala mtama. Tutazungumza habari za kifaranga asiye na mama, na jinsi ya kumtafutia mama. Huenda mtu akasema: je, hilo nalo ni jambo la kuzungumzwa redioni? Subiri kidogo, ndugu msikilizaji. Ndani yake mna historia ndefu, na fedha zako zimo humo humo.

Nilipoanza kazi ya ubwana shamba nilifika Mwandoya, wilayani Meatu, katika mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga. Mama mmoja pale alikuwa amenunua vifaranga 20 wa siku moja, akasafiri nao kwenye basi ndani ya boksi. Usiku wa pili mkaa ulimwishia. Kulipopambazuka, vifaranga sita walikuwa wamekufa kwa kulaliana wakitafuta joto. Mimi, kijana niliyetoka chuoni na madaftari yangu, nikamwambia aongeze mkaa. Yule mama akanitazama tu, maana fedha ya mkaa ndiyo iliyokwisha.

Jirani yake, bibi mtu mzima, akasema: "Bwana shamba, mimi kuku wangu yuko siku ya kumi na nane analalia mayai. Mkaa wake hauishi."

Mambo ya usiku ule nitayaeleza baadaye. Kwanza tujiulize: huyu kifaranga wa boksi alitoka wapi?

Asili ya kuku ni ndege wa msituni huko Asia ya kusini-mashariki. Watu walimfuga, akasafiri nao nchi kwa nchi, na huku kwetu vyombo vya Bahari ya Hindi vilimleta pwani. Katika miji ya kale kama Unguja Ukuu, wachimbuaji wamepata mifupa ya kuku wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Katika safari hiyo yote kuku alikuja na maarifa yake mwenyewe: kulalia mayai siku 21, kuangua na kulea.

Lakini binadamu ni mtu wa haraka. Wamisri wa kale, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, walikwisha kujua kuangua mayai mengi kwa joto la kutengeneza, pasipo kuku. Huko Ufaransa mtaalamu Réaumur alichapisha kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1749. Kisha zikaja mashine za kutotolea mayai. Mwaka 1892 mfugaji wa Marekani aitwaye Joseph Wilson alisafirisha vifaranga wa siku moja kwa garimoshi, na mwaka 1918 posta ya nchi ile ikakubali kuwapokea kama vifurushi.

Waliwezaje kusafiri bila kula? Kifaranga akikaribia kutoka kwenye ganda hufyonza kiini cha yai kilichobaki na kukiingiza tumboni. Hiyo ndiyo akiba yake ya siku mbili hivi, na kwa kawaida humtosha wakati mama anapowangoja wenzake waanguliwe. Biashara nzima ya vifaranga wa boksi imesimama juu ya akiba hiyo.

Kwetu Tanzania, katika miaka ya 1970, palikuwa na shirika la umma la kuku, NAPOCO. Shirika hilo halipo tena, lakini vifaranga wa siku moja wameendelea kuenea. Miaka ya karibuni wamekuja Kuroiler na Sasso, ambao hukua upesi kuliko kuku wetu wa kienyeji. Basi mashine ilitupa vifaranga wengi sana. Ila mama haikutupa.

Sasa turudi Mwandoya. Yule bibi alikataa katakata tusiende mchana. Tulingoja hadi giza limetanda, kibatari tukakiacha nje. Akapenyeza mkono polepole chini ya kuku wake, akatoa yai moja, mahali pake akaweka kifaranga mmoja. Akatulia kidogo, kisha akaendelea na wa pili. Kuku alinguruma kidogo, akatanua mbawa, akanyamaza. Mayai yake tukayahamishia kwa kuku mwingine aliyekuwa akilalia. Asubuhi vifaranga 13 walikuwa wakichungulia chini ya manyoya.

Na yule wa kumi na nne? Huyo nilimsahau mimi kwenye kona ya boksi. Nikampeleka jua limekwisha kutoka. Kuku alimdonoa kichwani mpaka tukamwondoa, na baada ya siku mbili akafa. Kosa lilikuwa langu.

Nilichoonyeshwa na bibi, wataalamu nao walikitafuta kwa muda mrefu. Mwaka 1873 Mwingereza Douglas Spalding aliandika kwamba alifunika macho ya vifaranga kwa vikofia tangu walipoanguliwa. Waliofunuliwa mapema walimfuata kama mama yao. Waliofunuliwa karibu na siku ya nne walimkimbia kwa hofu. Mwaka 1935 Konrad Lorenz aliieleza habari hiyo kwa mapana, naye mwaka 1973 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel. Maana yake ni kwamba kifaranga ana muda mfupi wa kumtambua mama, na ukipita, umepita. Kuku naye ana muda wake. Aliyelalia siku nyingi yuko tayari kusikia sauti ya kifaranga. Aliyeanza jana bado.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, shika haya. Chagua kuku aliyekwisha kulalia wiki mbili au zaidi. Mkague chawa na utitiri kabla ya siku yenyewe. Vifaranga wawe wa siku moja au mbili. Waingize usiku, mmoja mmoja, wasizidi wanaoenea chini ya mbawa zake. Amka alfajiri ukatazame. Anayedonolewa mwondoe mara moja. Wafungie pamoja ndani ya tenga siku mbili tatu, wawe na chenga za nafaka na maji katika sahani isiyo na kina. Na kuku wako wote wawe wamechanjwa mdondo, yaani kideri, maana mama mgonjwa atawaambukiza wageni.

Neno la mwisho. Kuku wengi wa kisasa hawalalii mayai. Tabia hiyo imepunguzwa kwa kuchagua mbegu za kutaga na za nyama. Nimeona nyumba ambazo, baada ya kupata chotara, ziliuza mitetea yote ya kienyeji mnadani. Msimu uliofuata umeme ukakatika, mkaa ukapanda bei, na kuku wa kulea vifaranga hayupo. Fuga wa kisasa, ni vizuri. Lakini bakiza mitetea miwili mitatu inayojua kulalia. Ukiimaliza, umevunja jiko lisilohitaji kuni.