Muumano wa Mishono: Utetezi wa Istilahi

Katika ushonaji wa mfarishi wa viraka, yaani tandiko la tabaka tatu ambalo uso wake huundwa kwa vipande vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, kazi nyingi huharibikia pale safu inapounganishwa na safu, kwa kuwa hapo ndipo kitambaa hukunjamana na kona za viraka hukosana. Kinga yake haina utata: kingo za mishono, ambazo ni sehemu za kitambaa zinazobaki nyuma ya uzi, hulazwa kwa pasi kuelekea kulia katika safu moja na kuelekea kushoto katika safu ya pili, ili safu hizo zikiwekwa uso kwa uso, tuta la mshono mmoja liegemee tuta la mwenzake na yote mawili yatulie.

Kiingereza hulitaja tendo hilo kwa neno la kiota, na kamati moja ambayo adabu inazuia kuitaja ikaona yatosha kuandika "uwekaji kiota wa mishono". Waingereza husema vivyo hivyo kuhusu bakuli zinazoingiana, kwa hiyo kwao ndege amekwisha kuruka zamani kutoka katika neno hilo. Kwa Mswahili kiota bado kina ndege, mayai na vijiti, na mwanagenzi wa ushonaji akielekezwa kuweka kiota ana haki ya kuuliza kuku yuko wapi. Mtaalamu mwingine, mwenye uhakika kuliko ujuzi wa sindano, amependekeza "mpandano", bila kutambua kwamba kingo zinapopandana ndipo hutokea nundu ile ile inayokimbiwa. Istilahi yake, kwa maneno mengine, inataja kosa badala ya kinga.

Istilahi inayostahili ni "muumano". Mzizi wake ni kitenzi uma, ambacho katika Kiganda na Kizulu kingali luma na katika Kinyarwanda ruma, Kiswahili kikiwa kimeidondosha konsonanti ya mwanzo bila kupoteza maana ya kung'ata. Ndiko yalikotoka umiza, maumivu, na hata uma wa kulia chakula. Kiambishi cha kutendana kinazaa umana, linalosemwa juu ya meno ya juu na ya chini yanayokutana sawasawa, kila moja likiingia penye nafasi ya lingine, na hivyo ndivyo matuta mawili ya mshono yanavyofanya. Kutoka umana hupatikana umanisha, kwa tendo la fundi, na muumano, kwa matokeo yake, wingi miumano. Wapo wanaolalamika kwamba watu wanaoumana ni watu wanaogombana, kana kwamba neno haliwezi kuwa na kazi mbili. Wengine wanadai kwamba irabu mbili mfululizo zinachosha ulimi, ilhali wao wenyewe wametamka "muungano" tangu mwaka 1964 na hakuna ulimi ulioripotiwa kuvunjika. Inafaa pia kukumbushwa kwamba cherehani yenyewe, neno lenye udugu na cherehe la kunolea na asili yake katika Kiajemi charkh, yaani gurudumu, ilipata jina lake kwa watu walioitazama ikizunguka, wala hawakungoja kikao.

Kuhusu matumizi, itoshe kusema kwamba fundi huumanisha mishono kwanza, akachoma pini katika kila muumano kuanzia katikati kwenda pembeni, akashona kwa ukingo wa robo inchi pasipo kuvuta kitambaa, na akabadili mwelekeo wa kushona kila safu mpya ili mfarishi usipinde upande mmoja. Muumano hautibu safu zilizotofautiana urefu. Safu iliyozidi kidogo huwekwa chini, upande wa meno ya cherehani, kwa kuwa meno hayo husukuma kitambaa cha chini kwa kasi kuliko mguu unavyoruhusu cha juu kupita, na ziada humezwa kidogo kidogo kati ya pini na pini. Tendo hilo bado halijapewa istilahi na kamati yoyote, jambo ambalo mafundi wana kila sababu ya kulishukuru.