Orijino Inasomwa Nyuma ya Galoni

Wasee, leo nakiri kosa langu. Mwaka juzi injini ya gari la mzee wangu ilianza kugonga. Hilo gari ndilo lilikuwa linatulisha, mimi nikiliendesha kama teksi baada ya kuacha chuo. Nilikuwa nimenunua galoni ya lita 4 yenye nembo ya kampuni iliyounda gari. Muuzaji aliapa ni orijino, nikalipa bei ya juu nikiwa na amani kabisa. Fundi alipofungua injini alikuta tope jeusi. Akaigeuza ile galoni mkononi, akanusa, akasema, "Kijana, hapa ulinunua stika."

Kulirudisha gari barabarani kulimaliza akiba ya nyumba. Mzee hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Ndiyo nikaanza kusoma historia ya oili, nikagundua kwamba miaka yote tumekuwa tukiuliza swali mbaya dukani. Tunauliza, "Hii ni ya kampuni ya gari ama ni ya kampuni zingine?"

Kwanza ujue hizo "kampuni zingine" ni wazee wa hii kazi. Mwaka 1866, huko Binghamton, New York, daktari mmoja aitwaye John Ellis alianza biashara ya mafuta ya kulainisha injini za mvuke. Leo biashara hiyo inaitwa Valvoline. Karl Benz alipata hataza ya gari lake 1886, miaka 20 baadaye. Charles Wakefield naye alifungua kampuni yake London mwaka 1899. Oili yake ya 1909 ilichanganywa na mafuta ya mbarika, yale yale shosho anakupaka kichwani. Kwa Kiingereza mbarika ni castor, na hapo ndipo jina Castrol lilitoka.

Halafu kuna Elijah McCoy. Wazazi wake walitoroka utumwa Kentucky wakakimbilia Kanada, ambako yeye alizaliwa. Alisomea uhandisi Scotland, lakini aliporudi huku Marekani ikiwa bado inabagua mtu mweusi, kampuni ya reli ilimpa kazi ya kutia makaa na oili tu. Mwaka 1872 akapata hataza ya kifaa cha kuipa injini ya mvuke oili bila mtu kuisimamisha. Inasimuliwa kwamba wanunuzi walichoshwa na vifaa vya kuiga, wakawa wanaitisha cha McCoy mwenyewe, na kwamba msemo wa Kiingereza "the real McCoy" ulitoka hapo. Wataalamu wa lugha wanabishana kuhusu hiyo asili. Lakini hadithi yenyewe tunaielewa vizuri sana hapa Kenya: kitu kikiwa kizuri, kuna mtu ataiga jina lake.

Kwa hivyo jina peke yake halitoshi, unahitaji kipimo. Mwaka 1911 chama cha wahandisi wa magari Marekani, SAE, kilipanga oili kwa uzito. Ndiyo zile namba kama 5W-30: ya kwanza inaonyesha oili inavyotiririka kwenye baridi, ya pili inavyokaa injini ikiwa moto. Mwaka 1947 taasisi ya mafuta ya huko huko, API, ikaanza kupanga oili kwa kazi inayoweza kufanya. Leo ukiona herufi kama SN au SP kwenye oili ya petroli, S inakuambia ni ya petroli, na herufi ya pili inakuambia kizazi. SP ilikuja 2020.

Sasa hii ndiyo ilinishangaza. Oili nyingi zenye nembo ya kampuni ya gari hutengenezwa na kampuni za mafuta kwa mkataba, halafu stika inabandikwa. Viungo vya kikemikali vinavyotiwa ndani vinatoka sana sana kwa kampuni nne: Lubrizol, Infineum, Afton na Chevron Oronite. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1975 inayomzuia mtengenezaji kufunga dhamana yako kwa chapa moja, isipokuwa akupe bidhaa hiyo bure ama apate ruhusa maalum.

Sisemi oili ya kampuni ya gari ni utapeli. Ikiwa ni halisi, imekuondolea kazi ya kutafuta inayofaa. Na magari ya Ujerumani yana masharti yao, kama MB 229.5. Lakini hata hiyo namba utaipata kwenye galoni za kampuni zingine zilizopita majaribio.

Shida yetu ni nyingine. Gari limetoka Japani likiwa mtumba, kitabu chake kimeandikwa Kijapani ama hakipo, kimetaka 0W-20, na fundi anamwaga 20W-50 kwa sababu "hii ndiyo nzito." Wengine tunamwagiwa feki ndani ya galoni safi. Ukiweka namba isiyofaa ama oili feki, nembo ya mbele haitakuokoa.

Siku hizi naanza na kitabu cha gari, hata kama ni kutafsiri kwa simu. Nageuza galoni, nasoma namba na herufi. Naangalia sili haijaguswa, na risiti lazima. Kama vyote viko sawa, nachukua ya bei nafuu bila aibu.

Na kitu moja ya mwisho, tafadhali msiidharau. Galoni ikiisha, mimi huitoboa kwa bisibisi kabla ya kuitupa. Ile iliyoua injini yetu ilikuwa na stika safi na kifuniko kizuri. Naamini kuna mtu aliitupa ikiwa nzima.