KILWA YETU, SEHEMU YA 7: JE, OFIRI YA SULEMANI ILIKUWA HUKU KWETU?

Nimetoka zamu, chai iko mkononi, tuendelee.

Juzi namsafisha mzee mmoja kidonda, akaniuliza: "Mwanangu, wewe unayeandika mambo ya Kilwa, mbona hujagusa Ofiri? Nasikia dhahabu ya mfalme Sulemani ilitoka pande hizi."

Swali zuri. Twende taratibu.

Ofiri ni jina la Kiebrania. Katika Mwanzo 10 ni jina la mtu, mmoja wa wana wa Yoktani. Ukifika 1 Wafalme 9 limeshakuwa jina la mahali: merikebu za Sulemani zinatoka Bahari ya Shamu, zinarudi na talanta 420 za dhahabu. Na si kwenye Maandiko tu. Mwaka 1946, Tell Qasile karibu na Tel Aviv, kiliokotwa kigae cha chungu cha karne ya 8 kabla ya Kristo. Kimeandikwa: dhahabu ya Ofiri, shekeli 30.

Sasa Kilwa inaingiaje? Kupitia Sofala, pwani ya Msumbiji. Dhahabu ya bara ilishukia hapo, na biashara yake ilishikwa na masultani wa Kilwa. Utajiri huo ndio uliojenga Husuni Kubwa. Wareno walipokuja miaka ya 1500 wakaisikia Sofala, wakaanza kusema hii ndiyo Ofiri! Tena Biblia ya kale ya Kigiriki huliandika jina hilo kwa S mwanzoni. Mwaka 1667 hata mshairi Mwingereza John Milton akazitaja Kilwa na Sofala kwenye utenzi wake, na Sofala akasema inadhaniwa kuwa Ofiri.

Lakini sisi wa wodini tunajua, dalili kufanana haina maana ugonjwa ni mmoja. Sofala ni neno la Kiarabu, maana yake nchi ya chini. Sulemani ni wa karne ya 10 kabla ya Kristo, na Kilwa ilitajirika zaidi ya miaka 2,000 baadaye.

Utasema, kuna ubaya gani tukijisifu na Ofiri? Upo. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika Great Zimbabwe, kwenye nchi ya dhahabu hiyohiyo. Akaona kuta zile za mawe, akazihusisha na Sulemani na Malkia wa Sheba. Yaani yeyote kajenga, ila si Mwafrika! Mpaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alipochimba akaonyesha ni kazi ya Waafrika wenyewe.

Na hapohapo Great Zimbabwe ikaja kupatikana sarafu iliyopigwa Kilwa, ina jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331.

Basi nikamjibu mzee: "Babu, kama unamtaka Sulaiman wa dhahabu, wa kwetu yupo. Mwanawe kaandikwa kwenye sarafu." Akacheka mpaka nikamwambia atulie, bandeji inalegea.

Tukutane sehemu ya 8, in shaa Allah.