Kifuko cha nyusini: uvimbe usiotumbuliwa

Kinundu cha mviringo, kisichouma, kwenye ncha ya nje ya nyusi ya mtoto huwatia wazazi hofu ya saratani. Mara nyingi huwa ni kifuko cha demoidi, uvimbe usio wa saratani ambao mtoto huzaliwa nao.

Hutokea pale chembe za ngozi zinaponaswa kwenye maungio ya mifupa ya uso mimba ikiwa changa. Chembe hizo huendelea kutoa mafuta, magamba na hata nywele, na uvimbe hukua polepole.

Hatari ya kutumbua

Ndani hamna usaha wa kukamua. Kifuko kikitobolewa, au kikipasuka mtoto anapoanguka, mafuta huvuja na eneo lote huvimba na kuuma. Upasuaji wa baadaye huwa mgumu zaidi, na sehemu ikisalia, uvimbe huweza kurudi.

Upasuaji

Mtoto hupewa nusukaputi. Daktari hupasua kwenye nyusi au mkunjo wa kope la juu ili kovu lisionekane sana, hukibandua kifuko kwenye mfupa na kukitoa kizima, kisha hukipeleka maabara. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Uvimbe unaosukuma jicho, ulio karibu na mzizi wa pua, au usioshikika ukingo wake wa nyuma, huhitaji kwanza picha ya CT au MRI, kwani huweza kupenya mfupa au kufika kwenye ubongo. Kwa vifuko vilivyozama, Rudolf Krönlein wa Zurich alieleza mwaka 1888 njia ya kupitia ukuta wa nje wa tundu la jicho. Njia zilizotokana nayo hutumika hadi leo.

Haki ya kuelewa

Mji wa Buffalo, Marekani, ambao uliunganishwa na Black Rock mwaka 1853, umepokea wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, wakiwemo wazungumzaji wa Kiswahili. Hospitali za nchi hiyo zinazopokea fedha za serikali kuu hupaswa kuwapatia mkalimani bila malipo. Mzazi ana haki ya kumdai kabla ya kutia saini idhini ya upasuaji, badala ya kumtegemea mwanawe wa shule.

Popote alipo, mtoto ambaye uvimbe wake umekuwa mwekundu na wa moto ghafla, au ambaye uwezo wake wa kuona umepungua, apelekwe hospitali bila kuchelewa.