Upimaji wa oksijeni ya damu kwa oksimita

Oksimita ya mapigo, au kipima oksijeni, ni kifaa kinachokadiria ni sehemu gani ya hemoglobini katika damu ya ateri imebeba oksijeni. Hubanwa kwenye ncha ya kidole au ndewe ya sikio; kwa mtoto mchanga hufungwa kwenye kiganja au wayo. Jibu hutolewa kwa asilimia, bila kuchoma sindano, pamoja na idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika. Kwa mtu mzima mwenye afya anayeishi pwani kipimo huwa kati ya 95 na 100.

Kifaa hiki ni rahisi kutumia, na huenda ndiyo sababu mafunzo juu yake mara nyingi yamekuwa mafupi mno. Mwaka 1994 jarida la tiba The Lancet lilichapisha utafiti wa Stoneham na wenzake uliofanywa kwa madaktari na wauguzi wa hospitali nchini Uingereza. Asilimia 97 kati yao hawakuelewa jinsi oksimita inavyofanya kazi, na walichanganyikiwa kuhusu mambo yanayoathiri kipimo chake. Uingereza si nchi yenye uhaba wa vyuo wala vitabu, kwa hiyo tatizo halikutokana na umaskini.

Jinsi inavyofanya kazi

Hemoglobini yenye oksijeni na ile isiyo nayo hufyonza mwanga kwa namna tofauti. Ndiyo maana damu ya ateri ni nyekundu angavu na ile ya vena imekoza. Oksimita ina taa mbili ndogo: moja ya mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi, nyingine ya infraredi ya nanomita 940 hivi, isiyoonekana kwa macho. Upande wa pili wa kidole kuna kihisio kinachopokea mwanga uliopenya. Ngozi, nyama, mfupa na vena hufyonza kiasi kisichobadilika sana, lakini ateri hutanuka kila moyo unapopiga. Kifaa huchukua sehemu hiyo inayopanda na kushuka na kuacha iliyobaki.

Wazo la kutumia mapigo kwa njia hiyo lilitoka kwa Takuo Aoyagi, mhandisi wa kampuni ya Nihon Kohden ya Japani, miaka ya 1970. Kabla yake, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Glenn Millikan wa Marekani alikuwa ametengeneza kipimo cha sikioni kwa ajili ya marubani, ambacho kilihitaji kupasha sikio joto.

Uwiano wa mianga miwili hugeuzwa kuwa asilimia kwa kutumia vipimo vilivyochukuliwa kwa watu wazima wenye afya waliojitolea kupunguziwa oksijeni. Kwa kuwa ni hatari kuwashusha chini ya 70 hivi, namba yoyote iliyo chini ya hapo ni makisio tu. Kwa mgonjwa haileti tofauti kubwa: 65 na 58 zote ni dharura.

Maana ya namba

Kosa la kwanza ni kusoma asilimia hizi kama alama za mtihani. Mwanafunzi anayepata 85 amefaulu vizuri. Mgonjwa mwenye 85 yuko hatarini. Uhusiano kati ya shinikizo la oksijeni katika damu na kiasi ambacho hemoglobini inakibeba haufuati mstari ulionyooka. Grafu yake ni tambarare juu, kisha huporomoka. Kipimo cha 90 hulingana na shinikizo la milimita 60 hivi za zebaki, na hapo ndipo mteremko mkali huanza. Kushuka kutoka 98 hadi 94 huonekana kudogo, kumbe shinikizo limepungua sana. Kutoka 90 kwenda chini, mgonjwa hana tena akiba.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto mwenye kipimo chini ya 90 apewe oksijeni. Kungoja midomo iwe ya bluu ni kuchelewa: mwaka 1947 Comroe na Botelho walionyesha kwamba hata watazamaji wenye ujuzi hawawezi kutegemea rangi ya mgonjwa kujua kama oksijeni imepungua.

Namba moja haiwafai wote. Katika maeneo ya milimani, kama Mbeya au Njombe, watu wenye afya huwa na kipimo cha chini kidogo kuliko wakazi wa Dar es Salaam au Mombasa. Wagonjwa wa muda mrefu wa mapafu yaliyoziba, walio katika hatari ya kulimbikiza kaboni dioksidi, kwa kawaida hulengwa kati ya 88 na 92. Mtoto njiti anayepewa oksijeni hapaswi kuachwa kwenye 100, maana oksijeni ikizidi huharibu retina ya macho yake.

Mambo yanayopotosha kipimo

Bila mapigo hakuna kipimo. Mikono baridi, presha iliyoshuka, kupoteza damu nyingi, kutetemeka, au mkanda wa kupimia presha uliofungwa kwenye mkono uleule huweza kuleta namba ya uongo au kuzuia namba kabisa. Rangi ya kucha hufutwa kabla ya kupima. Piko na hina nyeusi nazo huweza kuzuia mwanga, na kwa bibi harusi wa pwani ni afadhali kutumia ndewe ya sikio. Njia ya haraka ya kukagua ni kuhesabu mapigo kwa kushika mkono wa mgonjwa: yasipolingana na yanayoonyeshwa, asilimia nayo haiaminiki.

Hatari zaidi ni hali ambapo kifaa hakionyeshi dalili yoyote ya hitilafu.

Mtu aliyelala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa huvuta kaboni monoksidi, ambayo hujishika kwenye hemoglobini badala ya oksijeni. Oksimita ya kawaida, yenye mianga miwili tu, haiwezi kutofautisha vitu hivyo viwili. Itaonyesha 98 huku mgonjwa akifa. Historia inayoelezwa na ndugu zake ina uzito kuliko kioo cha kifaa, na oksijeni hutolewa bila kusubiri namba ishuke.

Upungufu wa damu nao hufichika. Mtoto mwenye malaria kali na hemoglobini ya gramu 4 kwa desilita anaweza kuwa na kipimo cha 99, lakini damu yake hubeba takriban theluthi moja tu ya oksijeni ya mtoto mwenye gramu 12. Kifaa husema magari yamejaa; hakisemi ni magari mangapi.

Tatu, oksimita haipimi upumuaji. Mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji, aliyechomwa mofini na kuwekewa oksijeni, anaweza kupumua polepole mno na kulimbikiza kaboni dioksidi wakati namba bado ni nzuri. Ikishuka, hali imeshaharibika. Kuhesabu pumzi kwa dakika nzima hakujapitwa na wakati.

Kuhusu rangi ya ngozi, utafiti wa Sjoding na wenzake uliochapishwa Marekani mwezi Desemba 2020 ulilinganisha oksimita na vipimo vya damu ya ateri. Katika hospitali iliyochunguzwa jimboni Michigan, pale oksimita ilipoonyesha 92 hadi 96, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilikuwa kwa kweli chini ya 88, dhidi ya asilimia 3.6 kwa wazungu. Kwa hospitali za Afrika jambo hili si la pembeni. Kipimo cha 92 kwa mgonjwa anayehema kwa shida kinastahili kutiliwa shaka.

Upatikanaji na mafunzo

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 inataka oksimita iwe imefungwa na inafanya kazi kabla mgonjwa hajalazwa usingizi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba vyumba vya upasuaji 77,700 hivi duniani havikuwa nayo. Shirika la Lifebox, lililoanzishwa mwaka 2011, husambaza oksimita pamoja na mafunzo. Wakati wa UVIKO-19 vifaa vidogo vya kidoleni vilienea hadi majumbani, vingi bila maelezo yoyote.

Wodini, mafunzo yenye manufaa huhusu pia jinsi ya kuandika kipimo. "96" peke yake kwenye faili haimsaidii muuguzi anayeingia zamu ya usiku. Anahitaji kujua kama mgonjwa alikuwa akivuta hewa ya kawaida au lita 5 za oksijeni kwa dakika, na alikuwa akipumua mara ngapi.