Asili ya Majina Mawili ya Magari ya Abiria

Barabara itokayo Musoma huvuka mpaka Sirari, wilayani Tarime, ikaingia Isebania. Ng'ambo husemwa matatu. Huku husemwa daladala. Majina yote mawili yametokana na nauli. Matatu ni mapeni matatu, yaani senti thelathini. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kuchukua abiria bila leseni maalumu. Dala lilikuwa jina la mitaani la sarafu ya shilingi tano, nalo daladala likaenea Dar es Salaam tangu 1983, serikali ilipoyakubali magari ya watu binafsi, kwa kuwa mabasi ya UDA, shirika lililoundwa 1974, hayakutosha hata kidogo. Nauli zimepanda mara nyingi, majina hayakubadilishwa.