Bibi Mweupe wa Brandberg hakuwa bibi

Mlima Brandberg umeinuka peke yake katika jangwa la Namib, na kilele chake cha mita 2,573 ndicho kirefu kuliko vyote nchini Namibia. Katika korongo la Tsisab, chini ya jabali lililoning'inia kama paa, upo mchoro ambao Mjerumani Reinhard Maack aliukuta mwaka 1918 akiteremka mlimani. Ni mtu wa kimo cha sentimita 40 hivi, anatembea katikati ya watu na wanyama. Mkono mmoja kashika upinde na mishale, mwingine kitu mfano wa kikombe, na tangu kiunoni hadi miguuni kapakwa nyeupe. Weupe huo ndio uliozua maneno. Padri Henri Breuil, bingwa wa Kifaransa wa michoro ya mapangoni, alifika hapo mwaka 1947 akahukumu kuwa huyo ni mwanamke wa Mediterania, mwenye asili ya Krete; ndipo mchoro ukaitwa Bibi Mweupe.

Hukumu hiyo haisimami. Mchoro hauna matiti, una uume, na upinde katika michoro ya Wasan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, kwa kawaida hubebwa na wanaume. Weupe wenyewe ni rangi iliyopakwa mwilini, si ngozi. La sivyo tuulize ni kabila gani la Ulaya lenye kifua cheusi na miguu myeupe. Tena Harald Pager, aliyeanza kunakili michoro ya mlima huo mwaka 1977, alikusanya zaidi ya 40,000. Mgeni mmoja wa Krete anaingiaje katika kazi nyingi hivyo za wenyeji?

Watetezi wa Breuil watasema hakuwa mjinga, na rangi zilikuwa zimefifia. Ni kweli, ila kufifia kulipaswa kumpunguzia uhakika, naye alizidi kuwa nao. Zama zake ukoloni uliona taabu kukiri kwamba Mwafrika angeweza kazi nzuri; hata magofu ya Zimbabwe Kuu walipewa Wafoinike. Hoja nzito zaidi ni kwamba hata watafiti wanaomwita mtu huyo mganga wa Kisan wanabuni tu. Hapa kuna tofauti. Wao wanategemea maelezo ya Wasan wenyewe, yaliyoandikwa na watafiti Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd huko Cape Town miaka ya 1870, na pembeni ya mtu huyo yupo choroa mwenye miguu ya binadamu, jambo linaloafikiana na habari za waganga wanaogeuka wanyama. Hata hivyo Wasan hao waliishi mbali sana na Brandberg, kwa hiyo uganga wake ni dhana ya kupimwa. Uanaume wake na Uafrika wake si dhana.

Uongo wa Bibi Mweupe umegharimu. Umaarufu wa "Bibi" ulivuta watalii, na kwa miaka mingi waliumwagia mchoro maji, hata soda, ili rangi zing'ae kwenye picha. Leo umezungushiwa uzio na mgeni haruhusiwi kwenda bila kiongozi, lakini vitabu vya safari bado vinauuza kwa jina la Breuil. Jina hilo lifutwe.